Vita vya Vidoti Sitini vya Mafuta

Jongeeni, enyi wenye masikio yasiyochoka! Mwenye kiti na akikalie, asiye nacho aegemee ukuta, mpate kusikia habari za Dada Rula, binti wa fundi cherehani, mshika kipanya cha kompyuta asiyetetemeka, apandaye kila asubuhi ghorofa nne za jengo la gazeti kwa miguu, maana lifti ilikufa kitambo na hakuna aliyeizika.

Miaka sita alitumikia ukurasa wa mafumbo ya maneno, akichora visanduku vyeupe na vyeusi hata akawa anaviona kwenye vigae vya bafuni. Jumatatu ile ndipo alipopewa meza ya chati, majaribio ya wiki moja. Na Ijumaa, saa nane na robo mchana, akashukiwa na Mhariri wa Uchumi, jabali la nyama na miwani, aitwaye Bwana Mkubwa akiwepo na Pasi ya Mkaa akitoka.

"Binti," akanguruma, "utajiri wa mafuta, Nchi ya Mchanga na Nchi ya Mikoko. Chukua chati ya mwaka jana, tia kidoti cha mwaka huu, kwisha. Saa tisa ukurasa unaondoka kwenda mtamboni. Ukichelewa, Jumatatu unarudi kwenye visanduku vyako."

Kwani ndiyo iliyokuwa desturi ya chumba kile: chati haichorwi, huongezwa mkia. Kila mwaka aliyekuwa zamu alibandika vidoti viwili, akaenda kunywa chai. Na kichwa cha habari kilikwisha kupangwa, herufi nene kama magogo: MIKOKO YAVUNJA REKODI YA MCHANGA.

Dada Rula akainua kipanya kama ainuaye mkuki. Mkono ukagoma. Rekodi ya Mchanga ilikuwa ya miaka ishirini na mitano nyuma, imeandikwa kwa fedha ya wakati ule. Ya Mikoko ni ya jana, kwa fedha ya leo. Akamkumbuka baba yake, aliyenunua cherehani kwa bei ambayo leo hainunui bobini ya uzi.

"Mjomba," akamwita msahihishaji wa meza ya pili, "hawa wanapimanishwa urefu, mmoja yuko peku chini, mwingine yuko juu ya ngazi!"

"Mwanangu, acha ushujaa," akasema Mjomba. "Tia kidoti tukanywe chai."

"Nikichelewa, atakayerudi kwenye visanduku ni mimi au wewe?"

"Basi haya, nikusomee nini?"

Mjomba akafungua jedwali la bei za miaka thelathini, akasoma kwa sauti ya mpiga mbiu, naye Dada Rula akavigeuza vidoti sitini, kimoja kimoja, viwe vya fedha ya leo. Kompyuta ikaganda mara mbili. Akaitukana mara moja, akaibembeleza mara moja. Mstari wa Mchanga ukaanza kuinuka huko nyuma, ukapanda, ukapanda, hata ukawa mlima, na Mikoko ikabaki mabegani mwake ikihema.

Saa tisa kasoro dakika nne Pasi ya Mkaa akaingia.

"Nani kaipandisha Mchanga? Nilisema kidoti kimoja kila nchi!"

"Bwana Mkubwa, viatu vyako vya kwanza vya kazini ulivinunua kwa shilingi ngapi?"

"Kwa noti moja! Na chenji nikapanda teksi."

"Noti ileile leo?"

"Leo? Hata kamba zake hupati! Huu wizi wa..." Akaitazama chati. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaitazama chati tena. Kisha akanyakua simu. "Kichwa cha ukurasa wa sita! Toa YAVUNJA, weka YAKARIBIA. Ndiyo, sasa hivi!"

Akageuka kwenda, akasita mlangoni. "Jumatatu, bei ya vitunguu, miaka ishirini. Uje mapema."

Na iandikwe, enyi vizazi vijavyo: Ijumaa ile, saa tisa kasoro dakika moja, chini ya tangazo la matairi, kwa chati iliyolingana na kiberiti, mlima wa Mchanga ulirudishiwa urefu wake. Mataifa hayakutetemeka. Mjomba alipiga makofi matatu, na Dada Rula, mshindi wa vidoti sitini, akasimama, akainamisha kichwa mbele ya ulimwengu, halafu akaandika jina lake kwenye karatasi na kuibandika mezani kwa gundi.