Nyota Tano kwa Mapango ya Shekinah

Jumatatu, 3 Machi
Shekinah amekuja kwangu Anderlecht, hapa Brussels, na macho mekundu. Huyu ni binti wa marehemu kaka yangu, na ndiye aliyechora mapango yote ya mchezo mpya wa video, ule wa kusaka hazina. Unatoka Alhamisi. Mkubwa wao kazini kasema: wachezaji wakiusifu, kutakuwa na sehemu ya pili, wakiuponda, wachoraji wote nyumbani. Nikamwambia apanguse machozi. Mimi baba yake mdogo, Tonton Polycarpe, nimefika Dubai, Guangzhou na hata Kigoma! Na hazina naijua: nilichimba dhahabu Kamituga msimu mzima. Nilipata kijiko. Lakini kizuri.

Nimeujaribu mchezo. Shujaa wangu alitumbukia kwenye korongo lile lile mpaka mke wangu Régine akauliza kama yule kijana hana ndugu wa kumkataza.

Alhamisi, 6 Machi
Wahakiki wamesema. Wa kwanza anadai hajaona mapango mazuri kama haya mwaka huu. Nikacheza ngoma jikoni. Mapema mno! Wengine wote: shujaa anakimbia kama amebeba kabati, mafumbo ni ya chekechea, hazina yenyewe haistahili safari. Alama: vuguvugu.

Donatien, jirani wa juu, mwenye maoni juu ya kila kitu kuanzia mvua hadi ndoa za watu, aliyasoma yote kwa sauti kwenye ngazi. Akaongeza la kwake: eti hazina ilijificha kwa aibu. Watu wakacheka. Bon. Vita!

Ijumaa, 7 Machi
Nimepata dawa. Shekinah alinieleza kwamba wahakiki ni wahakiki, lakini mkubwa wake anasubiri alama za wachezaji, na kuna tovuti ambako yeyote anaweza kufungua akaunti na kuandika. Yeyote! Maskini, hakujua anamwambia nani. Mimi nina kwaya nzima ya kanisa.

Kwaya imekubali. Nimeahidi sombe, kisamvu chetu cha Kongo, na samaki baada ya ibada. Maman Graciella, sauti ya kwanza, akauliza ataandikaje juu ya kitu ambacho hajakigusa. Nikamjibu: Maman, weka nyota tano, halafu andika kama unavyosema kanisani, kutoka moyoni. Alors, jenerali gani angetoa amri safi kuliko hiyo?

Jumapili, 9 Machi
Ushindi! Sombe imeisha, kwaya yote imeandika, alama zimepanda kama homa. Maman Graciella aliandika huku analia. Sikusoma. Jenerali hakagui soksi za askari.

Donatien hakuonekana kanisani. Régine anasema amejifungia na mchezo tangu jana. Anatafuta makosa mapya, nyoka yule!

Jumatatu, 10 Machi
Balaa. Nimesoma.

"Bwana asifiwe! Ninaitwa Maman Graciella. Goti lilinisumbua tangu Uvira. Madaktari walishindwa. Nikakutana na mchezo huu. Leo naruka. Amina."

Papa Sylvestre: mchezo umempatia karatasi za kukaa, na binti yake amepata mchumba. Amina. Wote vile vile! Wamejitambulisha, wameeleza mateso, wamepona. Hakuna hata mmoja aliyetaja hazina. Na wote kwa Wi-Fi moja ya kanisa, kama mtu mmoja mwenye majina mengi.

Tovuti imefuta kila kitu na kubandika onyo jekundu: mchezo huu unashukiwa kujisifu wenyewe.

Shekinah alipiga simu. Hakupiga kelele. Katika ukoo wetu, asiyepiga kelele tayari anafunga mizigo. Alisema tu: "Tonton, sasa wananicheka watu ambao hata hawajaingia pangoni." Nikakaa kitandani na viatu miguuni. Hata utani haukuja.

Jumatano, 12 Machi
Donatien kaandika! Nikafungua huku nimeshika kifua. Anasema shujaa anakimbia vibaya, na hilo halifuti. Lakini katika pango la mwisho, pembeni kabisa, pasipo na hazina yoyote, kuna sufuria juu ya mafiga, bado inatoa mvuke, na kitenge kimeanikwa. Akamsimamisha shujaa pale. Akakaa naye mpaka kahawa yake ikapoa. Anasema jiko kama hilo aliliacha likiwaka kule Fizi, siku ya kukimbia vita, na hakutegemea kulikuta ndani ya televisheni.

Sasa wachezaji wanaitafuta sufuria. Maoni yanamiminika, ya kweli, bila Amina hata moja. Onyo limeondolewa.

Nikampandishia sahani ya sombe mpya. Alifungua mlango, akaniita mponyaji, akauliza kama nina mchezo wa mgongo pia. Nikamkumbatia, sahani na yote. Shati lake limeharibika. Langu pia.

Ijumaa, 14 Machi
Sehemu ya pili imekubaliwa! Shekinah anabaki kazini. Amekuja na keki. Nikawaeleza wote kwamba huo ndio ulikuwa mpango wangu tangu mwanzo: bila kashfa, nani angeujua mchezo? Régine akakohoa. Donatien akakohoa zaidi.

Shekinah akaniomba niape kwamba sitagusa tovuti yoyote tena maishani. Mtoto wa kaka yangu akiomba, nakataaje? Nikaapa, mkono wa kulia juu, mbele ya mashahidi. Wa kushoto, chini ya meza, ulikuwa unamwandikia kwa simu kiongozi wa kwaya ya Jette, upande mwingine wa Brussels.

Wale wana Wi-Fi yao.