Simu Isiyo na Papa Évariste

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeamua! Waya wa simu uondoke kabla ya Jumamosi. Jumamosi Ruben anapanda meli kwenda seminari. Yaani awe padri! Ruben wa kwaya, anayecheka akiwa amefumba macho. Na mimi bado sijamwambia kitu.

Tatizo njo Papa Évariste. Simu yetu ya waya, iliyofunikwa kitambaa cha Nkambo, bibi yangu, kama tabernakulo, inapitia santrali ya misioni. Inafika nyumba kumi na nane za wazee wa reli, na nyumba ya mapadri, anapokaa Ruben na mjomba wake padri. Basi. Papa Évariste anaunganisha kwa mkono. Kwanza anauliza hali: bibi yako ameamukaje, magoti je, mbuzi je. Halafu anaunganisha. Halafu haondoki! Unamsikia akipumua. Mwezi wa sita nilimpigia Ruben, kwa aibu nikawa nazungusha waya kidoleni tu, na sauti ikatokea katikati: "Sema tu, mutoto, usiogope. Anakusikia." Nilitupa simu. Wiki mbili sikwenda kwaya.

Simu ya mkononi sina. Nkambo anasema mpaka nipite Examen d'État ya kumaliza sekondari. Ruben naye hana, mjomba wake hataki. Lakini! Pasaka iliyopita Mjomba Ephraïm alitutumia simu ya internet kutoka Lubumbashi, na kisanduku chake; hiyo haipiti santrali. Vimelala kabatini chini ya sahani za wageni.

Jumanne, 5 Agosti

Nkambo amekataa. Simu yake haijawahi kumkosea heshima. Nikasema Mjomba Ephraïm atasikika kama amekaa hapa. Akasema akikaa hapa atataka kula.

Nikatoa silaha. Nikataja, nikiangalia pembeni, kwamba Mama Mado jirani yetu ameshafungiwa ya internet, na pale bombani anasimulia kwamba kuna watu wangali wanaongea kwa waya kama enzi za Wabeleji.

Nkambo akaweka mwiko chini. Akauliza fundi anaitwa nani.

Uongo huo nitauungama Jumapili. Si kwa mjomba wa Ruben!

Jumatano, 6 Agosti

Taa nne za kijani kwenye kisanduku! Nzuri kuliko Noeli! Fundi Steve aliuliza waya wa zamani auache au aukate. Kata! Wote, mpaka kwenye nguzo! Zilitoka mita arobaini, nikamwambia achukue.

Nkambo alipiga Lubumbashi. Alipaza sauti mpaka mbuzi wakakimbia, kwa sababu ni mbali. Kisha alilalamika kwamba hakuna aliyemuuliza habari ya magoti.

Mimi nimeandaa sentensi yangu. Kwa Kiswahili ilinitia aibu, nikaiandika kwa Kifaransa. Ina subjonctif mbili, sarufi ngumu kabisa. Kesho!

Alhamisi, 7 Agosti

Nkambo kaenda kwa wamama wa parokia. Nyumba tupu! Namba ya mapadri ni 11. Nikabonyeza. Mwanamke wa mashine akaniambia, kwa Kifaransa kizuri kuliko changu, kwamba namba hiyo haipo.

Mara sita.

Nikamkimbilia Steve. Alicheka mpaka akakaa chini. Akanieleza kwamba simu hii inafika Kigoma, inafika hata Ubelgiji, lakini waya za misioni zinaishia misioni. Njia ya kufika kwa Ruben ilikuwa ule waya. Ule niliosema akate wote.

Uko wapi? Amempa Mama Mado, anaanikia nguo.

Mama Mado!

Ijumaa, 8 Agosti

Umeme hakuna tangu asubuhi. Taa zote nne zimekufa. Nkambo amesema mara tisa kwamba waya haukuwahi kumuomba umeme.

Saa kumi Papa Évariste akaingia na fimbo yake, jasho tele. Amekuja kwa miguu kuuliza kama tumekufa. Tangu Jumatano nyumba haijibu. Akauliza magoti. Akauliza mbuzi. Nkambo nusura alie kwa furaha, akakimbilia jikoni kuchemsha chai.

Hapo akaniinamia. Kuna kijana kule kwa mapadri, kila siku saa kumi na moja jioni anaomba aunganishwe na mimi. Jumatano, jana pia. Amepiga kengele, amepiga, kimya. "Ana ulizo moja: aende ao abaki. Mimi siwezi kumujibu, mutoto wangu. Hanipendi mimi."

Ruben!

Nkambo akarudi na chai, akauliza tunanong'ona nini. Papa Évariste akajinyoosha. "Mambo ya santrali ni siri, Mama Pétronille."

Jumamosi, 9 Agosti

Meli haijaondoka! Injini! Wanasema Jumatatu. Nina siku mbili!

Papa Évariste amepita tena. Ruben amekaa kwenye ngazi za kanisa tangu asubuhi, hatua mia nne kutoka hapa. Eti niende nikamjibu kwa kinywa. Kwa kinywa! Akiniangalia! Wazee hawaelewi maisha.

Nina mpango bora. Mashuka ya Mama Mado yako kwenye waya wangu. Yakikauka atayaanua. Nitapanda ukuta, nitafungua waya, nitaurudisha kwenye nguzo. Nilimwona Steve akifanya, si kazi. Saa kumi na moja kengele italia, nami nitasema. Bila mtu katikati! Nimeshamwomba Papa Évariste azibe masikio, naye ameahidi. Aliuliza tu, ili ajue wakati wa kuyazibua, nitasema nini hasa. Nikamwambia sentensi yangu yote, neno kwa neno, tukitazamana.

Amesema ni nzuri.