Malalamiko Dhidi ya Kijiko Chenye Meno

Kambi ya Wapima Ardhi,
Ng'ambo ya Mto.

Kwa Ofisa Ugavi,
Makao Makuu.

Ndugu Ofisa,

YAH: KUKATAA VIFAA VYEPESI VYA KULIA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika, na ninakuomba ukisome mara mbili kabla hujaendelea, maana nimekiandika nikiwa na akili zangu timamu.

Pamoja na mgawo wa mwezi huu ulitutumia kifurushi cha vifaa vya kulia vya majaribio. Aina ya kwanza ni kijiko cha plastiki ambacho ncha yake imechongwa meno. Ya pili ni ya chuma chepesi: upande mmoja kijiko, upande wa pili uma, na ubavuni makali ya kukatia. Ya tatu hujikunja katikati kama wembe wa kinyozi. Uliagiza tuvijaribu, kisha mtunza vifaa wa kikosi, yaani mimi, nikuandikie ni aina gani inunuliwe kwa vikosi vyote, ili lile sanduku letu la zamani la vijiko, uma na kisu lirudishwe na migongo ya watu ipumzike.

Tumevijaribu. Hapa kambini vyote vimepewa jina la Kiraka, kama yule mchezaji anayepangwa kila nafasi na asing'are katika hata moja. Chaguo langu ni sanduku la zamani. Sababu zangu ni hizi:

1. Supu. Kiongozi wetu, tunayemwita Mzee Nyuzi kwa kuwa hawezi kukalia kiti kabla hajapima kimeinama nyuzi ngapi, amethibitisha kwamba kijiko chenye meno humwaga supu njiani, isipokuwa mlaji akiinua kidevu na kuingiza kijiko kwa mshazari. Akatufundisha sote. Sasa kikosi kizima cha watumishi wa umma kinakunywa supu kikitazama juu kama kuku wanaokunywa maji. Mpishi alipotuona hivyo alidhani tunamwomba Mungu atunusuru na chakula chake, akanuna mpaka kesho yake.

2. Mafuta. Kile cha chuma ni kizuri kwa macho, sikatai. Lakini ukimaliza viazi kwa upande wa uma na kugeuza ili unywe mchuzi kwa kijiko, mkono wako unashika pale pale palipokuwa mdomoni. Mjomba Dereva, mtu mzima ambaye sote tunamheshimu, aligeuza hivyo, kisha akaenda kuuliza njia na kuweka dole gumba kwenye ramani iliyokuwa ikisubiri wino. Ndugu Ofisa, hebu tazama dole gumba lako mwenyewe. Mistari ile imezunguka kama ile tunayochora kuonyesha mwinuko wa ardhi. Mchora ramani wetu, binti makini ambaye sijapata kumwona akikosea, aliikuta asubuhi, akadhani Mzee Nyuzi ameongeza kitu jioni, akaipitishia wino. Mzee Nyuzi akadhani ni kazi ya mchora ramani, akatia sahihi. Kwa hiyo kwenye karatasi tuliyowaletea juzi kuna kilima chenye kilele kizuri tu, na kilima hicho ni Mjomba Dereva. Naomba asije mtu akapangiwa kukijengea barabara ya kukizunguka.

3. Kile kinachojikunja kilijikunja mdomoni mwa Mjomba huyo huyo na kubana sharubu. Mimi sina la kuongeza. Yeye aliongeza mengi, ila hayaandikiki kwenye barua ya kiofisi.

4. Ukimya. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kwenye sanduku la zamani vijiko vilitosha watu wote, lakini uma zilikuwa chache na kisu kilikuwa kimoja tu. Mtu hakuweza kumaliza sahani yake bila kumwomba mwenzake. Ungesikia: niazime kisu mara moja. Ukimaliza na hiyo uma usinisahau. Kuombana huko kulizaa maneno, maneno yakazaa utani, na hata waliogombana mchana juu ya vipimo walipatana kwa sababu mmoja ameshika uma. Tangu Kiraka aje, kila mtu ana kijiko chake, uma yake na kisu chake mfukoni, na hana shida na mtu. Mjomba Dereva anakula ndani ya gari na milango kaifunga. Mzee Nyuzi anakula wima, kwenye mguu wa darubini ya kupimia. Mpishi anakula na masufuria yake. Jana nilisikia mtu anatafuna nikamtambua kwa sauti ya meno, kwa kuwa ndiyo sauti pekee iliyobaki kambini.

5. Mchora ramani. Yeye ndiye aliyekabidhiwa kisu cha sanduku la zamani, kwa kuwa anakata mstari ulionyooka. Mimi, kwa wadhifa wangu, nilitunza uma. Kila tulipokaa kula nilimpelekea uma, naye akanikatia nyama yangu vipande vinavyolingana. Kazi hiyo ilitaka tukae jirani. Katika kukaa jirani nilijua kwamba mama yake anasumbuliwa na magoti, kwamba yeye haogopi nyoka lakini anaogopa kondoo, na kwamba akicheka sana huziba macho badala ya mdomo. Tulikuwa tumeshafika kwenye habari za kaka zake, na huko mtu hafikishwi hivi hivi. Ndipo kifurushi chako kikafika. Siku hiyo hiyo alipokea Kiraka chake cha chuma, akanishukuru kwa heshima zote, akaenda kula kwenye meza yake ya kuchorea, amenipa mgongo. Nilibaki nimeshika uma kama mtu aliyefika harusini siku ya pili yake.

Nampenda, Ndugu Ofisa. Nimeliandika hapa kwa kuwa ni hoja ya kiufundi, na kwa kuwa wewe uko mbali.

6. Taifa. Sitaki kukutisha, lakini fuatana nami. Wasioombana kitu hawakai pamoja. Wasiokaa pamoja hawaoani. Wasiooana hawatazaa watoto wa kuja kushika darubini sisi tukistaafu. Ardhi haitapimwa, mipaka haitajulikana, majirani watashikana mashati mashambani, na wewe utaitwa kueleza mwanzo wake ni nini. Utasema ni kijiko?

7. Uzito. Umeandika kwenye waraka wako kwamba Kiraka ni chepesi mno, mtu anasahau kama amekibeba. Ni kweli kabisa, na hilo ndilo kosa lake. Sanduku la zamani nililibeba mimi, begani, kwenye kila mlima ulioko kwenye ramani zenu, ukiacha ule wa Mjomba Dereva. Lilinichubua ngozi wala sikulalamika, kwa sababu nilijua jioni litafunguliwa na nani atakaa upande gani.

Kwa hiyo naomba: vifaa vyote vya majaribio virudishwe, sanduku la zamani libaki, uma zipunguzwe zaidi, na ikiwezekana kijiko kimoja nacho kipotee, jambo ambalo nitalisimamia mwenyewe. Kama gharama ya kubeba ni tatizo, niongezee na sufuria kubwa, nitabeba.

Nisalimie karani wa masjala, fundi wa darubini na kikohozi chake, walinzi wa lango wote wawili hata yule asiyeitika, na mama watoto wako, ambaye natumaini bado mnaombana naye chumvi mezani.

Nabaki kuwa mtumishi wako, mwenye bega zima na moyo wa mashaka,

Mtunza Vifaa.

Tanbihi: Samahani kwa kuchafua ukingo wa karatasi, sina nyingine ya kuandikia upya na Mjomba ameshawasha gari. Nilipokuwa natafuta bahasha, mchora ramani alikuja na sahani yake mpaka mlangoni pa hema la vifaa. Alisema Kiraka chake kimepotea, eti nimwazime changu. Kilikuwa kimechomoza kwenye mfuko wa shati lake, katikati ya penseli, na aliona kwamba nimekiona. Nilimpa changu. Hakuondoka. Alikula kwa upande wa uma, akanipa nami nikala kwa upande wa kijiko, tukaendelea na habari za kaka zake, ambao kumbe wanataka kuniona. Tafadhali futa yote niliyoandika hapo juu. Nunua aina ya pili kwa vikosi vyote, na kwa kikosi chetu punguza kimoja.