Dirisha la Idhini ya Mkurugenzi

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango mkuu wa Idara ya Maji, mahali pa heshima, juu kidogo ya bango linalowaomba watu wasiegemee ukuta. Lilisema: "Idara ina furaha kuutangazia umma kwamba kuanzia sasa mabomba yote yataharibika kwa njia ya kisasa. Mwananchi ambaye bomba lake litaendelea kuharibika kwa njia ya zamani atakuwa amejitenga mwenyewe na maendeleo."

Aliyepewa kazi ya kuyaleta maendeleo hayo alikuwa binti aliyetoka chuo juzijuzi. Idara nzima ilimwita Mtaalamu, kwa sababu alikuwa bado hajafanya chochote. Aliajiriwa kwa majaribio, aandike programu ya kukaa kwenye kompyuta za idara: mtu wa mapokezi akiletewa taarifa ya bomba bovu, aiandike, abofye kitufe, na karatasi ya kazi itoke papo hapo kwenye printa ya karakana ya mafundi kule uani. Mtaalamu aliiamini programu hiyo kwa moyo wake wote. Aliiamini hata wakati wa kupiga mswaki.

Alikuwa na sababu. Shangazi yake, aliyemlea na kumsomesha, alikuwa dobi, na bomba la uchochoro wao lilikuwa limekauka. Maji yalibebwa kwa ndoo kutoka mtaa wa pili. Zahanati, mteja mkubwa kuliko wote, ilikwisha kusema waziwazi kwamba shuka zikichelewa tena zitapelekwa kwa dobi mwingine.

"Hicho kidirisha chako cha kompyuta," Shangazi alimuuliza jioni moja akikamua pazia, "kitatoa maji?"

"Hakitoi maji, Shangazi. Kinatoa taarifa."

"Haya, nimiminie taarifa kidogo kwenye beseni hili niloweke shuka."

"Shangazi nawe! Subiri uone. Taarifa yako itakuwa ya kwanza kuingia."

"Nasubiri, mwanangu. Kusubiri ndiyo kazi pekee isiyotaka maji."

Mambo yalianza vizuri, maana yake yalianza kwenye kompyuta ya Mtaalamu. Hapo programu ilifunguka kama ua. Ilipopelekwa mapokezi haikufunguka kabisa. Kilitokea kisanduku kidogo kilichosema faili halipatikani. Ukweli ni kwamba Mtaalamu alikuwa ameiagiza programu itafute orodha ya mitaa ndani ya folda yenye jina lake, kwenye kompyuta yake, na kompyuta ya mapokezi haikuwa na folda hiyo wala haikuwahi kulisikia jina hilo. Ni kosa ambalo kila anayeanza hulifanya, na hurekebishwa kabla chai haijapoa. Lakini Mkurugenzi alikuwa amesimama nyuma yake na mikono imefungwa mgongoni, na Mtaalamu akasikia mdomo wake ukisema, "Ni suala la mazingira, mkuu."

Mkurugenzi alilipenda neno hilo. Siku hiyohiyo akaunda Kamati ya Kudumu ya Matatizo ya Muda ya Wanaoanza, akajiteua mwenyekiti, na kamati ikaamua kwamba programu isisumbuliwe. Kitakachobadilishwa ni mazingira. Kila kompyuta ya idara ikafunguliwa folda yenye jina la Mtaalamu. Mlinzi wa getini, alipoliona jina lilelile kwenye kila skrini, akaanza kumpigia saluti. Mtaalamu alijua wazi kwamba ilimpasa aseme ukweli. Alipanga kuusema baada ya chakula cha mchana. Baada ya chakula cha mchana alipigiwa saluti nyingine.

Kisha ikaonekana kwamba kitufe cha kuhifadhi hakipo. Kilikuwepo, ila kilikuwa chini ya ukingo wa skrini, kwa sababu skrini ya Mtaalamu ilikuwa kubwa na za mapokezi zilikuwa ndogo za zamani, na yeye alikuwa amepigilia kila kitu mahali pake kama misumari badala ya kuliacha dirisha lijipange lenyewe. Aliyekipata kitufe alikuwa fundi mkuu wa mabomba, aitwaye Spana kwa kuwa hakuwahi kuiweka spana yake chini hata akinywa chai. Aliishika skrini kwa mikono miwili akailaza ubavu.

"Nimekiona," akasema.

"Lakini maandishi yamelala, kaka."

"Na sisi tutalala, dada. Tatizo liko wapi?"

Kamati ikaona halipo. Watumishi wa mapokezi wakaanza kufanya kazi wakiwa wameinamisha vichwa upande mmoja, na wananchi waliofika dirishani wakadhani kwa mara ya kwanza wanasikilizwa kwa huruma. Malalamiko yakapungua. Mkurugenzi aliripoti mafanikio hayo kwa wakubwa wake bila kuchelewa.

Tatizo la tatu ndilo lililomkosesha Mtaalamu usingizi. Kila mtumishi alipobofya kitufe cha kutuma, dirisha lote liliganda. Halikusogea, halikufungika, likapauka kama mtu aliyepewa habari mbaya. Watu wakabofya tena na tena, na lilipozinduka likatuma taarifa ileile mara tele, hata Spana na vijana wake wakajikuta wamelizunguka bomba moja kama wafiwa. Mtaalamu akatafuta dawa. Akaweka picha ya kigurudumu kinachozunguka na maneno "Tafadhali subiri". Kigurudumu nacho kikaganda. Akaweka cha pili, cha rangi. Sasa vikaganda viwili.

Jibu alilipata siku alipokaa benchi la mapokezi akitazama tu. Mtumishi alipokea taarifa, akanyanyuka, akaenda mwenyewe mpaka uani kuhakikisha karatasi imetoka, akasubiri printa, akarudi. Muda wote huo watu waligonga kioo cha dirisha lisilokuwa na mtu. Mtaalamu akashika kichwa. Programu yake ilikuwa hivyo hivyo! Yule aliyetakiwa kukaa dirishani na kuitikia watu ndiye huyohuyo aliyetumwa uani. Ilitakiwa kazi ndefu apewe mwingine aifanye nyuma, wa dirishani asibanduke.

"Yaani miezi yote hii," Spana alimuuliza alipoelezwa, "ulimtengeneza karani wetu wa mapokezi?"

"Bila kukusudia, kaka."

"Basi umemtengeneza vizuri. Mimi nilidhani ni yeye."

Akakesha na akalirekebisha. Aliona aibu pia, akaifuta ile folda yenye jina lake na kuing'oa misumari ya madirisha yote. Asubuhi taarifa ikaandikwa mapokezi na karatasi ikatoka karakana kabla mwananchi hajamaliza kusema asante. Mafundi wakachukua karatasi, wakaenda, wakatengeneza bomba, wakarudi. Idara ikaingiwa na hofu kubwa.

Mkurugenzi alimwita ofisini. Alikuwa mpole, na hilo lilitisha zaidi.

"Binti yangu, hii karatasi imetoka mapokezi ikafika karakana. Hapo katikati ilipita wapi?"

"Haikupita popote, mkuu. Ilikwenda moja kwa moja."

"Moja kwa moja." Mkurugenzi akayaonja maneno hayo kama dawa chungu. "Na mimi je? Nilikuwa wapi?"

"Hapa, mkuu. Ofisini."

"Umeona, sasa! Bomba limetengenezwa na mimi niko ofisini, sijui lolote. Leo bomba, kesho nini? Nataka dirisha. Likae kwenye kompyuta yangu, liitwe Dirisha la Idhini. Taarifa ikitumwa, kila kitu kisimame. Dirisha la aliyetuma lisimame, printa isimame, mafundi wasimame. Hakuna kitakachosogea mpaka mimi nibofye 'Nimeidhinisha'. Na programu isiguswe tena bila idhini yangu ya maandishi. Umenielewa?"

Mtaalamu alikuwa ametumia wiki nzima kuifundisha programu isigande. Alifungua mdomo apinge. Akakumbuka kwamba yuko kwenye majaribio, akajiambia kwamba mageuzi ya kweli huanza ndani ya mfumo, akajiambia pia kwamba hii ni hatua ya mpito. Akajiambia mengi mazuri. Halafu akalitengeneza dirisha lenyewe, na kwa uaminifu wake akalipa rangi ya buluu ya kupendeza na kona za mviringo.

Taarifa ya Shangazi ilikuwa ya kwanza kukwama mbele ya dirisha hilo. Mtaalamu akapiga moyo konde akaenda kuomba.

"Mkuu, kuna uchochoro mmoja hauna maji kabisa. Ukibofya tu..."

"Siku ya uzinduzi, binti yangu. Mgeni rasmi anakuja. Nikiziidhinisha leo kidogokidogo, ataona nini? Ziache zijae. Aone kazi."

Zikajaa. Nyumbani, zahanati ikatuma mtu kuhesabu shuka zake zilizobaki kwa Shangazi, na mtu huyo hakukaribia kiti alichowekewa. Shangazi alichukua ndoo akatoka, na Mtaalamu akachukua nyingine akamfuata, akiwa na shahada yake na kidole kilichoumizwa na kishikio cha ndoo.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulipambwa. Mafundi wote waliondolewa kazini na kukalishwa viti vya mbele ili wapige makofi. Kompyuta ya Mkurugenzi iliwekwa jukwaani na skrini yake kurushwa ukutani. Printa ya karakana nayo ikaletwa, imefungwa utepe. Shangazi alikaa nyuma, amevaa gauni aliloshindwa kulifua. Mgeni rasmi, mama mnene mwenye miwani ya kusomea, alikaa katikati na kutazama saa.

"Mheshimiwa," Mkurugenzi akaanza, "idara hii haibagui. Ili kuonyesha mfano, mimi mwenyewe leo nitatoa taarifa kama mwananchi wa kawaida."

Nyumbani kwake maji hayajawahi kukatika, kwa hiyo ilibidi abuni. Akaandika kwamba bomba la jikoni linavuja, akaweka anwani yake, akabofya kitufe cha kutuma. Ukutani yakatokea maandishi makubwa: "Tafadhali subiri idhini ya Mkurugenzi."

Watu wakapiga makofi. Wakasubiri. Mkurugenzi naye akasubiri, mikono mgongoni, akitabasamu.

"Tunamsubiri nani?" Mgeni rasmi akauliza.

"Mkurugenzi, mheshimiwa," akajibu Mkurugenzi.

"Yuko wapi?"

"Ndiye mimi, mheshimiwa."

"Basi idhinisha."

Dirisha la Idhini lilikuwepo, chini ya lile la kusubiri; kona yake moja ya buluu ilichungulia. Mkurugenzi akaibofya. Haikusogea. Dirisha la juu lilikuwa limezuia kila kitu kwenye kompyuta hiyo mpaka Mkurugenzi aidhinishe, na Mkurugenzi hakuweza kuidhinisha mpaka dirisha la juu liondoke. Akabofya tena. Akabofya kwa heshima, akabofya kwa hasira.

Mtaalamu akaelewa. Alikuwa amelijaribu dirisha hilo kwa kompyuta mbili, ya mwombaji na ya mkubwa. Haikumpitia akilini hata kidogo kwamba Mkurugenzi anaweza pia kuwa mwananchi.

"Mpigieni simu," akasema Mgeni rasmi, bila kucheka. Simu ikapigwa ofisini, na katibu muhtasi akaitikia kwa utaratibu: Mkurugenzi yuko kwenye uzinduzi, apigiwe kesho.

"Fanya kitu," Mkurugenzi akamnong'oneza Mtaalamu. Kipaza sauti kikauchukua mnong'ono huo na kuusambaza ukumbini.

"Siwezi kubadilisha programu bila idhini yako ya maandishi, mkuu. Ni agizo lako."

"Si nimesimama hapa!"

"Wewe uko hapa, mkuu. Ila dirisha halijui."

Mgeni rasmi akavua miwani. "Binti, hiyo idhini inafanya kazi gani hasa?"

Mtaalamu akatazama sakafu. Akamwona Shangazi kule nyuma, ameketi wima. "Haifanyi kazi, mheshimiwa. Inasubirisha tu. Na niliyeitengeneza ni mimi. Nikaichagulia hata rangi."

"Iondoe."

"Mheshimiwa, kwa utaratibu..." Mkurugenzi akaanza.

"Iondoe sasa hivi."

Ikaondoka kirahisi kuliko ilivyoingia. Printa ikakohoa, ikakata utepe kabla ya Mgeni rasmi, ikaanza kutema karatasi mfululizo. Spana akainuka, akazigawa. Mafundi wakatoka mmojammoja na mikoba yao, na Mkurugenzi akaisoma hotuba yake kwa viti. Kufikia jioni bomba la uchochoro lilitapika kutu, likapiga chafya, likatoa maji. Shangazi aliyapokea kwa beseni na hakumsifu mtu.

"Mlikawia," akasema tu, akamwaga sabuni.

Kila mtu idarani aliamini kwamba Mtaalamu alimtega Mkurugenzi makusudi. Walimshika mkono kwenye korido. Alijaribu kueleza kwamba lilikuwa kosa la kawaida la anayeanza, nao wakazidi kumsifu kwa unyenyekevu.

Lakini programu sasa ilikuwa inafanya kazi, na programu inayofanya kazi haichagui. Karatasi ya mwisho kutoka kwenye printa ilikuwa ya nyumbani kwa Mkurugenzi. Spana akaenda. Kanuni ya idara, iliyosainiwa na Mkurugenzi mwenyewe, inasema maji yafungwe kwanza ndipo hitilafu itafutwe, na yasifunguliwe mpaka hitilafu ipatikane. Spana akafunga. Akatafuta kwa bidii. Anaendelea kutafuta.

Ndiyo maana Jumamosi iliyofuata mtu mmoja alisimama uani kwa Shangazi na furushi la mashati meupe. Shangazi, mikono kwenye povu, alimwonyesha kwa kidevu mwisho wa foleni.

Mtaalamu alimwonea huruma ya kweli. Akamletea kigoda. "Mkuu, taarifa yako inaweza kufungwa hata sasa hivi. Kuna kitufe. Kimeandikwa 'Hakukuwa na hitilafu'."

Mkurugenzi akasogea karibu, akashusha sauti. "Nikikibofya, nani ataona?"

"Wote, mkuu. Na Mheshimiwa anatumiwa nakala."

Mkurugenzi akakiweka kigoda nyuma ya mama aliyebeba mapazia, akalipakata furushi lake, akaketi.