Bibi Arudishiwe Benchi Lake

Jumamosi, 1 Machi

Hili sijawahi kumwambia mtu: naogopa kuomba. Kitu chochote, kwa mtu yeyote. Dukani nikipewa sabuni badala ya chumvi, naondoka na sabuni. Mama anadhani mimi msahaulifu. Si msahaulifu! Chini ya kitanda changu kuna sabuni za kufulia mtaa mzima, na kila mche ni aibu yangu.

Sasa nimepatikana. Manispaa wameng'oa benchi la katikati ya kilima cha kliniki, eti wanapanua njia. Hapo ndipo Bibi alipokuwa akipumzika akienda kunyooshwa mguu. Wiki hii hakwenda. Amesema mguu umepona wenyewe. Jioni nimemwona akishika ukuta kwenda jikoni.

Niende manispaa nikaseme? Mimi? Hasha. Nimebuni mpango: ombi la mtandaoni. Watu watatia saini bila kuniona sura. Akili hiyo!

Jumapili, 2 Machi

Ombi liko hewani. Nimeliandika kwa lugha ya shule, kisha kwa lugha ya nyumbani, asibaki mtu. Linaanza na historia ya mapumziko tangu zama za kale. Nimejiita Raia Mwenye Uchungu. Nikalituma kwenye kundi la familia kwa simu ya kaka, aliyekuwa bafuni.

Majibu yakamiminika. Amina. Amina. Amina kubwa. Shangazi ameweka viganja viwili na njiwa. Saini? Hakuna hata moja! Nilisahau desturi ya ukoo wetu: ujumbe mrefu wa Jumapili hausomwi, unaitikiwa. Mjomba amemuuliza kaka amekuwa mcha Mungu tangu lini. Kaka akanitazama. Nikakunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Jumatano, 5 Machi

Kaka tunamwita Meneja, kwa kuwa hana kazi ila ana ushauri. Leo amelisoma ombi lote. Afadhali angekasirika. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Alipopata pumzi akasema halijulikani linamwomba nani, benchi lenyewe linatajwa aya ya tisa, na hakuna sura ya mtu wa kuonewa huruma. Inauma, maana ni kweli.

Nimefuta zama za kale. Nililia kidogo, ilikuwa aya nzuri. Limebaki hivi: Manispaa, turudishieni benchi la kilima cha kliniki, wagonjwa hawana pa kupumzika.

Sura nimeipata jioni. Bibi, ameegemea ukuta wa korido, anahema. Nimempiga picha kwa siri.

Alhamisi, 6 Machi

Saini zinaingia! Watu nisiowajua! Nimecheza peke yangu chumbani.

Kisha Shangazi, yuleyule wa njiwa, akampigia Bibi simu kumpa pole.

Bibi akaniita. Akaitazama ile picha, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Akasema kitambaa cha kichwa kimekaa upande, na kama nilitaka kumwanika duniani ningemwambia mapema avae hereni. Nikaomba radhi kwa sauti ya mbu. Nikasema naiondoa sasa hivi. Akaiweka simu mapajani.

"Si mguu ulionizuia, mjukuu wangu. Ni kule kusimama nikihema, watu wanapita wananipa pole. Kabla hawajang'oa benchi sikujua kama mimi ni mzee."

Nikamshika mkono. Akaniachia kidogo, halafu akautoa, kwa sababu alikuwa anatafuta hereni.

Jumatatu, 10 Machi

Picha mpya ina hereni. Mpango mpya ni wa Bibi, mimi simo! Yaani nimo, lakini kama punda.

Tumepanda kilima. Yeye mbele na fimbo, mimi nyuma na kiti cha jikoni. Akichoka naweka kiti, anakaa katikati ya njia kama anapokea wageni. Anayepita anasalimiwa, anaulizwa habari za watoto, kisha anaambiwa atoe simu. Kazi yangu kumwonyesha pa kubonyeza. Njiani nilijifunika uso kwa kiti. Lakini kila akikikalia, sina tena pa kujificha!

Fundi viatu alisaini, akamwita mteja wake, aliyeshuka na kiatu kimoja. Muuza maji alisaini. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliomba kukaa kidogo, Bibi akampisha.

Tukafika. Yule anayemnyoosha mguu alisema alidhani wamegombana.

Wakati wa kushuka Bibi akanipigapiga shavu.

"Umeona? Watu hawaumi."

Jumamosi, 15 Machi

Manispaa wamekubali! Ofisa amepiga simu mwenyewe: benchi linarudi, tena lenye mgongo. Bibi akamshukuru, akamtajia na dawa ya kikohozi chake. Halafu nikamsikia akisema ndiyo, mwanzilishi yupo, ni mjukuu wangu, atahutubia siku ya uzinduzi, ana sauti nzuri sana.

Kipaza sauti! Mbele ya watu!

Nilikwenda kumwambia Bibi siwezi. Nilifika kabisa mlangoni. Alikuwa anajaribu vitambaa mbele ya kioo, anaimba. Akaniuliza nataka nini. Nikamuuliza kama anahitaji sabuni.

Basi nimebuni mpango. Ombi jipya, tayari liko hewani: Manispaa, walioanzisha maombi ya mabenchi wasilazimishwe kuhutubia. Fupi. Anayeombwa yupo. Sura ipo, ya kiti cha jikoni. Nimejiita Raia Mwenye Haya. Safari hii hakuna atakayenijua!

Saini ya kwanza imeshaingia! Amejiita Bibi Mwenye Hereni. Chini yake ameandika: Nimekutilia saini, mpenzi wangu. Lakini utahutubia.

Nani amemfundisha kubonyeza? Mimi.

Fimbo inagonga koridoni. Inakuja huku. Daftari, ingia chini ya sabuni, upesi, upe—