Pampu ya Shemeji na Nchi ya Watu

Jumatatu, 3 Machi
Niko salama! Nimevuka mpaka asubuhi, nimefikia kwa shangazi. Shemeji, kaka wa mke wangu, anadai nimeiba pampu yake ya kumwagilia bustani. Niliiuza tu. Polisi wa kwetu mwisho wao ni pale kwenye kizuizi; huku ni nchi ya watu. Shangazi kauliza nitakaa hadi lini. Nikasema hadi wanisahau. Akaenda kuficha redio yake.

Alhamisi, 6 Machi
Nimempigia shemeji simu kumkoga. Nikamtajia mji, mtaa, hadi rangi ya geti. Akanishukuru. Sielewi kashukuru nini.

Ijumaa, 14 Machi
Nimekamatwa! Tena na polisi wa huku! Nikawaambia wamekosea nchi. Mkubwa wao akanieleza taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa: mahakama ya kwetu imetoa hati ya kunikamata, serikali yetu imeomba nirudishwe, na nchi hizi mbili zina mkataba. Nikasema mimi sikusaini mkataba wowote. Rumande.

Jumanne, 18 Machi
Nimepewa wakili. Anasema sirudishwi ila kama nilichofanya ni kosa katika nchi zote mbili. Furaha iliyonishika! Nikamuuliza kama huku nako kuuza pampu ya shemeji ni kosa. Akafungua kitabu chake cha sheria, akanionyesha mstari kwa kidole.
Ni kosa.

Ijumaa, 21 Machi
Mahakamani. Wakili kaniomba ninyamaze. Mpango wangu ulikuwa mzuri kuliko wake. Nikasimama, nikadai, uongo mtupu, kwamba siku ya kuiuza nilikuwa huku kwa shangazi, nikapatana na mnunuzi kwa simu, kwa hiyo mahakama ya kule hainihusu. Hakimu akasema pampu ilichukuliwa kule na mwenyewe yuko kule, basi kule wana mamlaka. Kisha akaweka kalamu chini.
"Lakini kwa maneno yako, sehemu ya kosa umeitenda huku. Unataka na sisi tukushitaki?"
Wakili alifunika uso. Baadaye kaniambia mahakama ile haikuwa inauliza kama nimeiba, ilikuwa inauliza tu kama nirudishwe. Yaani nimekiri kwa mtu ambaye hata hakuniuliza!

Jumatatu, 24 Machi
Mke wangu kaja. Miche yote ya kaka yake imekauka. Hakunigombeza, na hapo ndipo paliponiuma.
"Rudi mwenyewe, useme pampu iko wapi," kasema. "Kaka bado anakuita shemeji."
Nikalia kama mtoto. Nimekubali kurudishwa bila kupinga.

Jumatano, 9 Aprili
Nimehukumiwa kwetu. Nilikiri, pampu ikapatikana, shemeji mwenyewe akaniombea kwa hakimu. Badala ya jela nimepewa kazi ya kumpandia bustani upya. Nimeapa mbele ya mke wangu kwamba sasa nimekuwa mtu mzima.
Leo tukiwa shambani, shemeji kaniambia nyuma ya kile kilima kuna nchi nyingine kabisa. Nikamuuliza kama ina mkataba na sisi. Akasema hajui, kwani vipi? Nikamjibu hivi hivi tu.
Toroli lake lina magurudumu mazuri sana. Linapanda kilima bila kelele.