Mshono Wangu Haukuvunjika

Jumatatu, 7 Julai 2025

Niko kazini Giakanja. Baridi ya kuuma masikio. Tunaunga mabomba ya chuma ya mradi wa maji. Mkaguzi wetu, Seth, ametangaza kwamba Alhamisi atatupima mimi na Ndila, mmoja awe kiongozi wa wachomeleaji. Mimi na Ndila! Nusu ya mageti ya mtaa wa Skuta nimeyachomelea mimi. Yeye ametoka Machakos juzi tu. Kila bomba analipasha moto wa gesi kabla ya kuanza, akimaliza analifunika blanketi. Nimewaambia wenzangu kwamba analea mtoto mchanga. Hawakucheka sana.

Jioni nimemwambia mke wangu, Kabura, kwamba cheo nimeshapata.

Jumanne, 8 Julai

Mbinu: kumaliza kwanza. Kinachochelewesha ni kungoja bomba lipoe. Nimelimwagia ndoo ya maji ya mto. Mvuke, kelele, basi, limepoa.

Ndila alikuja mbio. "Fundi Mutahi, hiyo chuma iko na chembe ndani, na zinajipanga ikipoa. Ukiipoza ghafla hivyo, hapo kando ya mshono itakuwa ngumu sana, halafu ipasuke. Wacha ipoe polepole."

Nilimshukuru kwa adabu. Wivu mtupu. Tangu lini ugumu ukawa kasoro ya chuma? Kesho ndoo mbili.

Jumatano, 9 Julai

Kabura amewatangazia akina mama wa kanisa. Wameshaniombea na kuniimbia. Sasa nikishindwa nitapitia wapi?

Nimelificha blanketi la Ndila nyuma ya mifuko ya simiti. Alilifunika bomba lake kwa mchanga mkavu, akaendelea.

Alhamisi, 10 Julai

Nilimaliza kwanza. Nikanywa chai nikimtazama Ndila akingoja.

Kisha Seth akakata kipande cha kila bomba, akavikunja kwenye mashine. Cha Ndila kikapinda kama chapati. Changu kikalia pa! Lakini si kwenye mshono, ni kando yake. Nikamweleza Seth kwamba mshono wangu haukuvunjika, kilichovunjika ni bomba lao. Akasugua vipande, akanipa hadubini nijionee. Chembe za Ndila ndogondogo, zimetulia. Zangu sindano tupu, zimekaa ovyo. Nikasema zangu ndizo zinazoonekana kali.

Cheo kimeenda kwa Ndila. Nililia nyuma ya stoo. Sijawahi kutaka kitu hivyo maishani.

Ijumaa, 11 Julai

Seth alitaka kunifukuza kwa sababu ya bomba lililovunjika. Ndila amemwomba aniache, eti atanifundisha mwenyewe. Kunifundisha mimi! Nilikusanya glavu zangu nikaondoka.

Kabura aliuliza kwa nini nimekataa kazi. Nikamweleza mara mbili. Alichukua jembe akaenda kulima kibarua kwa majirani.

Nimekaa peke yangu nikawaza kwa utulivu, na nimegundua kosa langu. Yale maji hayakuwa baridi ya kutosha. Murungi wa bucha amekubali kuniuzia barafu.